Kiroba cha Vyuma Vibovu

Mdogo wangu Fulgensi alinipa pikipiki iliyokufa mbele ya watu wote, siku tuliyomaliza matanga ya baba, na watu wakampigia makofi.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa na shamba la mpunga Katindiuka, mbuga nyeusi inayoshika maji vizuri. Tulizaliwa wawili tu, mimi Brigita na Fulgensi. Nilipofika umri wa kwenda shule mpunga ulikuwa unaanza kutoa maziwa na ndege walikuwa wengi. Baba akasema nibaki shambani niamie ndege msimu huo mmoja, mwakani nitakwenda. Mwakani ndege walirudi. Walirudi kila mwaka. Fulgensi alipofika umri alikwenda shule na kaptula mpya, mimi nikabaki juu ya dungu na kombeo langu, napiga kelele mpaka sauti inakauka. Herufi nilikuja kuzipata ukubwani kwa katekista, na mpaka leo nasoma polepole kama mtu anayevuka tope.

Baba alipopooza, nilimgeuza na kumwogesha miaka miwili. Fulgensi alikuwa karani wa ghala la mpunga mjini Ifakara, akija siku za sikukuu na mkate. Siku moja alikuja siku ya kawaida. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi alikuwa ameshaondoka, na dole gumba la baba lilikuwa na rangi ya buluu. Nilimuuliza baba, akatikisa kichwa tu, maneno yalikuwa yameshampotea. Nikachukua sabuni nikalisugua lile dole mpaka likatakata. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliosha kwa mikono yangu mwenyewe alama ya shamba letu kuuzwa, na sikujua ninachoosha.

Nilijua siku ya matanga. Fulgensi alisimama katikati ya ukoo, akasema shamba aliliuza kwa ajili ya matibabu ya baba. Matibabu gani, sikuyaona. Baba mdogo Hermenegildi, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, akamuuliza, "Na dada yako anabaki na nini?"

"Dada sijamsahau," Fulgensi akasema. "Dada nampa pikipiki yangu. Iwe yake."

Ndipo makofi yakapigwa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kwenye banda la jiko, na kuku alikuwa anatagia juu ya kiti chake. Ilikuwa ya Kichina, zile za bei ya chini zinazokuja kwenye maboksi na kufungwa hapa hapa. Fulgensi aliitesa miaka miwili. Mwaka wa mafuriko akailazimisha kuvuka maji ya kufika kwenye kiti, barabara ya Mbingu, injini ikanywa. Badala ya kuiacha na kuikausha, yeye akaendelea kupiga kiki papo hapo, ndani ya matope, mpaka ikakwama kabisa. Akaisukuma hadi kwa baba na kuitupa. Hiyo ndiyo zawadi niliyopigiwa makofi.

Baada ya watu kuondoka sikuweza kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kitu cha kushika. Shamba la kulima halipo, mgonjwa wa kugeuza hayupo, na binti yangu Sikitu ameolewa Mlimba. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku. Siku ya nne nilimtoa kuku kwenye kiti, nikaiburuta pikipiki hadi chini ya paa la jiko, nikaanza kufungua nati.

Watu walidhani nimechanganyikiwa. Hawakujua kwamba miaka mitano nilikuwa nauza vitumbua kwenye kijiwe cha fundi Evod mjini. Ukikaa na ndoo ya vitumbua tangu asubuhi hadi saa nne, pembeni ya watu wanaofungua injini, macho yako hayawezi kuangalia ndoo tu. Niliona pistoni zikitolewa na kurudishwa kama mwanamke wa jirani anavyoona mwenzake akisonga ugali. Hakuna aliyenifundisha na hakuna aliyenificha. Nilikuwa mama wa vitumbua.

Na pale kwa Evod nilijifunza jambo moja ambalo kila mwenye pikipiki bondeni anaujua uzito wake. Fundi akikubadilishia kifaa, unamwambia, "Nirudishie cha zamani." Usipokishika mkononi kile kibovu, hujui kama kipya kimewekwa kweli au umefungiwa kile kile kimepakwa grisi. Watu wanaondoka pale na cheni zilizolegea na plagi zilizoungua zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama nyama. Nami nikatundika kiroba ukutani. Kila kibovu nilichokitoa nilikitia humo. Nilikuwa fundi na mwenye mali pia, lakini desturi ni desturi, na mimi nilikuwa simwamini mtu yeyote wakati ule, hata mwenyewe.

Injini iligoma. Nilimimina mafuta ya taa kwenye tundu la plagi nikaacha siku tatu, nikajaribu kuizungusha, haikujongea. Nilifungua kichwa cha silinda, nikaiona pistoni imeshikana na ukuta, nyekundu kwa kutu. Niliigonga kwa kipande cha mchi wa kutwangia, taratibu, maana chuma kwa chuma kinapasuka. Iliachia siku ya pili, na silinda ilikuwa imechimbika ndani kama imeparurwa na paka. Silinda mpya, pistoni mpya, ringi mpya. Kwa vitumbua na kuku wangu nilivipata kimoja kimoja, na muuza spea alikuwa ananiuliza kila mara, "Mama, fundi wako nani?" Nikawa namjibu, "Yupo, mkali sana, hapendi maswali."

Kabureta nilisafisha vitundu vyake kwa unyuzi mmoja wa brashi ya waya. Nikafunga kila kitu, nikapiga kiki hadi paja likatetemeka. Ikawaka! Nikapiga kelele kama ile ya kuamia ndege. Halafu nikaona moshi. Moshi wa rangi ya majivu ya buluu, mwingi, ukafunika jiko na nguo nilizoanika.

Nikamwendea Evod. Akaja na baiskeli, akasikiliza, akazima, akacheka mpaka akashika mti.

"Mama Sikitu, ringi ulizipanga vipi?"

"Kama nilivyokuona ukizipanga."

"Uliniona kwa mbali. Ringi ina mdomo, pale inapokatika. Wewe midomo yote umeielekeza upande mmoja, oili inapanda kama mtu kwenye ngazi. Kila mmoja uangalie kwake."

"Kama watoto wa baba yangu," nikasema.

"Hayo siyajui. Fungua upya." Akapanda baiskeli, kisha akageuka. "Na vitumbua siku hizi vinanuka oili."

"Kula tu, haijawahi kuua fundi."

Nilifungua upya. Moshi ukaisha.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Mimi sikuweza, mikono ilikuwa imezoea kufanya kazi na kichwa kilikuwa hakitaki nafasi ya kuwaza. Tena pikipiki ilivyotoka kiwandani haikuwa ya bonde letu, ilikuwa ya mtu mmoja kwenye lami. Niliweka sproketi kubwa ya nyuma, yenye meno mengi, ili ipoteze mbio lakini ivute mzigo kwenye tope. Nikanunua na cheni mpya, ndefu, ilingane nayo. Nikaongeza shokapu za pili nyuma, ubavuni mwa zile za kwanza, zikawa nne. Nikaweka tairi zenye vidole vikubwa. Mchomeleaji wa njia panda akanitengenezea karia ndefu ya nondo ya kubebea magunia, ya kufungwa kwa bolti nane, kwa vipimo nilivyompa kwa kamba. Mwisho nikashughulikia kile kilichoiua: mahali inapovutia hewa. Nilichukua mpira wa pampu ya maji, nikaunganisha na kisafishia hewa, nikaupandisha juu kupita kiti, hadi karibu na usukani, mdomo ukaangalia juu. Maji yakifika pale, mimi mwenyewe nitakuwa nimeshazama.

Masika yalipokuwa yanaisha nilivuka nayo bwawa la Katindiuka, maji kwenye magoti, gunia mbili nyuma. Haikukohoa.

Mavuno yakaanza. Kazi ya msimu huo ni kutoa mpunga mashambani mpaka barabara kuu, maana magari hayaingii kwenye matope, na bodaboda wengi wa mjini wanaogopa. Nilikuwa naingia ndani kabisa. Wanawake waliokuwa wakivuna walisimama na mundu mkononi kuniangalia, mama wa miaka arobaini na saba na gauni lililofungwa fundo mapajani.

"Mama Sikitu, usije ukatuangushia gunia ukatuambia limeshuka lenyewe!"

"Nyie vuneni, barabara niachieni mimi!"

Kwa msimu ule mmoja nilitaka kitu kimoja tu, nikodi shamba la mwakani kwa jasho langu, nirudi kwenye mpunga bila kuomba mtu. Pikipiki ndiyo ilikuwa shamba langu. Wiki mbili za mavuno nilizifanya vizuri.

Fulgensi alikuja wiki ya tatu. Alikuja asubuhi, amevaa viatu vyeupe, ameongozana na kijana wa Mbingu aitwaye Viktor.

"Shikamoo mama," Viktor akasema.

"Marahaba."

Fulgensi hakuniamkia. Alikuwa anaizunguka pikipiki, anabonyeza shokapu. "Dada, naona imepona kabisa. Hongera. Sasa huyu ndugu nimeshamuuzia, anaondoka nayo leo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Umemuuzia nini?"

"Pikipiki."

"Si ulinipa? Mbele ya ukoo mzima?"

"Nilikupa utumie, dada. Kadi ninayo mimi, ina jina langu." Akaitoa mfukoni mwa shati, akaifungua, akanionyesha kwa mbali kama mtu anayemwonyesha mtoto peremende. "Soma. Si siku hizi unasoma?"

Nilisoma. Polepole, lakini nilisoma. Jina lilikuwa lake, herufi baada ya herufi.

Nilikwenda kumwita baba mdogo Hermenegildi, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na fimbo yake na kiti chake, maana hapendi viti vya watu. Tukasalimiana, tukakaa, akaomba kadi, akaitazama sana. Ni mzee mwenye haki, lakini karatasi zinamtisha, na nilimwona anavyotishika.

"Mwanangu Brigita," akasema, "serikali inaangalia jina. Tukienda popote watasema ni ya Fulgensi. Mimi nilimsikia akisema 'iwe yake', nitasema hivyo mpaka nife. Lakini kadi."

"Naelewa, baba mdogo. Naomba kuuliza swali moja. Fulgensi, siku ya matanga ulinipa pikipiki ya namna gani?"

"Pikipiki hii hapa."

"Ilikuwa inawaka?"

"Si ilikuwa mbovu, kila mtu anajua."

"Baba mdogo, umesikia. Aliyonipa ilikuwa mbovu. Basi kadi ni yake, nami namrudishia aliyonipa. Naomba mpaka jua lizame."

Baba mdogo alinitazama, hakunielewa. Fulgensi naye hakunielewa, akafikiri nimekubali, akasema, "Hata kesho, dada, hakuna haraka," na akamletea Viktor kigoda.

Niliingia jikoni nikakishusha kiroba ukutani. Kilikuwa kizito, nilikikokota. Nilikimwaga chini, vyuma vyote vikagongana, vyekundu na vyeusi. Nikatandika gunia, nikapanga spana, nikaanza na karia. Bolti nane.

Hapo Fulgensi akasimama. "Unafanya nini?"

"Nakurudishia."

"Dada, acha mchezo. Baba mdogo, mwambie!"

Baba mdogo aliweka kidevu juu ya fimbo. Akasema, "Karia ulimpa wewe?"

"Sikumpa, lakini..."

"Basi mwache atoe karia yake."

Nilitoa karia. Nikatoa shokapu mbili. Nikatoa sproketi na cheni, nikarudisha ile ya zamani ambayo meno yake yalikuwa yamechongoka kama ya mamba, na cheni iliyokuwa inaning'inia. Kwenye kila kifaa baba mdogo aliuliza swali lile lile, "Hiki ulimpa?" na Fulgensi akawa anajibu kwa sauti inayozidi kwenda chini. Tairi mpya nikazitoa kwenye rimu, nikarudisha vile vipara vya zamani, vilivyokwisha vidole. Majirani walianza kujaa uani. Nilipofika kwenye injini, Viktor akasogeza kigoda karibu, akawa anaangalia mikono yangu na si pikipiki tena.

"Mama, hii silinda ulifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na huu mpira wa hewa?"

"Huo ndio ulioifanya ivuke maji. Kaka yako huyu aliizamisha kwa kukosa mpira kama huu na akili ya kuacha kiki."

Watu wakacheka. Viktor akainuka, akajipangusa. "Kaka Fulgensi, mimi nilinunua pikipiki niliyoiona barabarani na magunia. Hii inayobaki hapa siitaki. Tutaonana mjini, tumalizane." Akawaaga wazee, akaondoka kwa miguu.

Ilikuwa kama saa tisa. Pistoni ya kutu nilikuwa nimeishika mkononi. Fulgensi akachuchumaa mbele yangu, akaongea kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa anaitumia utotoni akitaka nimbebe.

"Dada, unaniaibisha. Basi. Ichukue. Rudishia vifaa vyako, iwe yako."

"Na kadi?"

Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati. Niliuangalia ule mkono. Naapa, kama angeitoa ningemsamehe mengi siku ile, pengine hata shamba, sijui. Mkono ulikaa pale juu ya mfuko, ukapapasa, ukashuka mtupu.

"Kadi tutaongea baadaye," akasema. "Mambo ya kubadilisha jina yana mlolongo."

Nikaichukua pistoni ya kutu, nikaipaka oili chafu, nikaisukuma ndani ya silinda yake iliyochimbika, nikagonga kwa kile kipande cha mchi mpaka ikakwama pale pale ilipokuwa imekwama. Kufunga kitu ili kisifanye kazi ni vigumu kuliko kukitengeneza. Mikono inakataa. Nilifunga kichwa, nikaijaza kabureta matope kama nilivyoikuta, nikaweka plagi iliyoungua. Jua lilikuwa bado halijagusa miti. Nikaenda kwenye banda la kuku, nikachota nyasi za kiota, nikaziweka juu ya kiti.

"Kuku tu ndiye sina," nikasema. "Yule nilimuuza nikanunua ringi."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Baba mdogo alichukua kiti chake akaenda zake bila kuaga. Fulgensi aliisukuma ile pikipiki barabarani na viatu vyake vyeupe, tairi hazina upepo, cheni inaburuta chini. Nilikuwa natamani sana kumwona akiondoka hivyo. Nilipomwona, nikakumbuka kwamba mavuno yalikuwa yamebaki wiki tano, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia na mzigo wa vyuma vipya ambavyo haviwezi kunibeba hata hatua moja.

Wiki tatu zilinipita. Nilisikia pikipiki za wengine zikipita na magunia, nikawa naamka, nakwenda mlangoni, narudi. Nilizifuta zile spea kwa mafuta kila siku zisishike kutu, nikazifunga kwenye kile kiroba, nikazifungua tena. Vitumbua niliviunguza mara mbili. Wanawake wa mashambani waliniletea salamu kwamba wananisubiri, kisha wakaacha kuleta.

Evod ndiye aliyeniambia habari za kule Kiberege. Kuna mwenye genge la nyanya pale, pikipiki yake ya aina ile ile ilinywa maji mwaka jana, ameifunika turubai nyuma ya nyumba, mkewe anataka nafasi yake apande mchicha. Nilikwenda siku ile ile na kiroba changu, na pesa za zile wiki mbili za mavuno.

Yule bwana alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi. Akavuta turubai, vumbi likaruka, mjusi akakimbia. Fremu ilikuwa nzima, rimu zimenyooka. Akaanza kunieleza jinsi injini ilivyokuwa na nguvu kabla ya maji, jinsi fundi mzuri anavyoweza kuifufua, akachuchumaa aniwekee kidole pale pa kutazama.

"Angalia hapa kwanza, mama. Angalia injini."

"Injini ninayo," nikamwambia, nikashusha kiroba chini. "Nionyeshe kadi. Na tuondoke sasa hivi, mimi na wewe, tukaandikishe jina."